Saa Kumi Kati ya Ndege Mbili

Uwanja wa ndege wa Dulles una sebule zinazotembea. Mnashuka kwenye ndege, mnapita korido fupi, mnaingia kwenye chumba kipana chenye viti na madirisha, mlango unafungwa, halafu chumba chote kinaondoka. Kinavuka lami taratibu, kirefu na kizito kama kivuko cha Kigamboni kilichoota magurudumu, mpaka kwenye jengo la uhamiaji. Vyumba hivi vilianza kazi uwanja ulipofunguliwa mwaka 1962, enzi ambazo wahandisi waliona ni aibu kumtembeza abiria kwa miguu. Kimoja kilitengenezwa kubeba watu 102. Mimi nilisimama kati ya mabibi wawili wa Kihabeshi waliojitanda shuka nyeupe, mmoja akiwa amenishika mkono bila kuniuliza, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kushika.

Nilikuwa natoka Tanga kwenda Mexico City, ambako mdogo wangu wa mwisho alikuwa anaoa. Basi mpaka Dar es Salaam, ndege mpaka Addis Ababa, nyingine mpaka Washington, na ya mwisho jioni. Kati ya ndege ya kunileta na ya kuniondoa palikuwa na saa kumi. Ilikuwa Jumamosi moja ya Aprili 2024, na saa hizo nilizitaka mwenyewe. Wakala wa tiketi alinionyesha njia ya kuunganisha ndege kwa saa tatu tu, nikaikataa, akanitazama kama mtu aliyeacha chenji yake dukani.

Hapa nisimame kidogo, maana ndipo wenzetu wengi wanapoumia. Ukipita Addis, Doha au Istanbul unaweza kulala kwenye viti vya uwanja usiku kucha, ukaamka ukapanda ndege nyingine, na nchi ile isijue kama ulifika. Marekani haina ukumbi wa namna hiyo. Viwanja vyake havina dirisha la uhamiaji la kuondokea: anayeruka kwenda Ohio na anayeruka kwenda Mexico wanakaa kwenye viti vile vile wakila chipsi zile zile. Kwa hiyo ukishakanyaga sakafu yao umeingia nchini, hata kama unapita kwa dakika tisini kwenda Kanada au Jamaika, na Mtanzania, Mkenya, Mganda au Mkongomani anayepita hivyo anahitaji visa. Zamani palikuwa na mpango wa kupita bila visa. Ulisimamishwa Agosti 2003 kwa hofu ya ugaidi, na haujarudi.

Visa ya kupita ipo na inaitwa C-1. Nilipoomba mimi, ada yake ilikuwa dola 185, sawasawa na ile ya matembezi ya B-1/B-2. Fomu ni ile ile ya DS-160, na foleni ya ubalozini Msasani ni ile ile. Tofauti yake iko kwenye jambo moja ambalo wakala wangu hakulijua. C-1 ni ya kupita moja kwa moja. Mtu akitaka kutumia saa za katikati kutazama mji au kumsalimia ndugu, kanuni zinamtaka awe na visa ya matembezi. Nikaona hakuna maana ya kulipa bei ile ile kwa ruhusa ndogo. Nikaomba ya matembezi, nikapata na nyongeza juu yake, kwa sababu Mexico humpokea mwenye visa hai ya Marekani bila kumdai ya kwao. Lakini ningekataliwa Msasani, fedha zisingerudi, na asikudanganye mtu kwamba wanaokataliwa ni wachache. Mambo yamekaza zaidi tangu wakati ule: Juni 2025 tangazo la Ikulu ya Marekani liliwafungia milango Wasomali na kuibana kwa Warundi, na orodha imeongezwa baadaye. Anayesoma makala hii akiwa na tiketi mkononi aulize ubalozini kwanza.

Hata ukiwa nayo, visa ni ruhusa ya kubisha hodi. Wa kusema karibu ni afisa aliyeketi kwenye kibanda cha kioo. Wangu alikuwa mzee mwenye miwani ya kusomea.

“Unakwenda wapi?”

“Mexico, jioni.”

“Na mpaka jioni?”

“Nakwenda mjini kutazama makumbusho. Mpwa wangu ananiletea chai.”

Aliinua macho aliposikia chai. Akachukua alama za vidole, akanipiga picha ambayo nashukuru sitaiona, akagonga mhuri. “Urudi mapema,” alisema. “Foleni za jioni ni mbaya.”

Sanduku langu lilikuwa limeandikiwa Mexico tangu Dar es Salaam, ila bandari ya kwanza ya Marekani ndiyo unapolichukua, ukalipitisha forodhani kwa mkono wako, ndipo ukalikabidhi tena upande wa pili. Mtu asiyejua hili huenda zake mjini na kuliacha likizunguka kwenye mkanda kama yatima. Nilikuwa na karafuu, korosho za kukaanga na majani ya chai ya Usambara, vyote nikavitaja kabla sijaulizwa, vyote vikapita. Mama mmoja mbele yangu hakutaja, na embe zake mbili nzuri zikaishia kwenye pipa. Alizitazama zikitumbukia kwa huzuni ambayo kila aliyewahi kubebeshwa zawadi na mama yake anaijua.

Zawadi za kwetu kukwama mlangoni pa Marekani ni jambo la zamani. Mwaka 1840 jahazi la Sultani Sayyid Said, Al-Sultanah, lilitia nanga New York likitoka Zanzibar, na Ahmad bin Naaman, mjumbe wake, alileta zawadi za Rais Martin Van Buren, miongoni mwake farasi wawili wa Kiarabu. Kumbe katiba yao inamkataza rais kupokea zawadi ya mfalme wa nje bila idhini ya Bunge. Wabunge wakajadili farasi wa Sayyid. Mwishowe, Julai mwaka huo, wakapitisha azimio lililoruhusu zawadi ziuzwe na fedha ziingie hazina. Ukiambiwa korosho zako zina mashaka, jua umefuata mkumbo wa watu wakubwa.

Nilipotoka forodhani nilipanda juu kwenye ukumbi mkuu kwa makusudi, ingawa njia ya treni iko chini. Jengo hili lilichorwa na Eero Saarinen, mzaliwa wa Finland, aliyefariki mwaka 1961 bila kuliona limekamilika. Rais Kennedy alilifungua Novemba 1962. Paa lake limening’inia kati ya safu mbili za nguzo zilizoegemea nje, zege lililobonyea katikati kama kitambaa. Wenyewe husema ni mfano wa machela ya kulalia iliyofungwa kwenye miti. Mtu wa Tanga haoni machela pale. Anaona tanga, na upepo uko ndani yake. Nimepita viwanja vingi vinavyofanana na maduka makubwa. Hiki kinakukumbusha kwamba kuruka ni ajabu.

Kiko kilomita 42 hivi magharibi mwa Washington, ndani ya jimbo la Virginia, na kwa miaka 60 hakikuwa na treni. Msafiri wa saa chache alikuwa na teksi ya bei mbaya au basi la kubahatisha, na wengi walikata tamaa wakabaki kwenye viti. Reli ya Silver Line ilifika Novemba 15, 2022, na ndiyo iliyobadilisha maana ya kusubiri ndege Dulles. Unatembea njia ya chini kwa chini dakika chache, unanunua kadi, unapanda. Siku ya Jumamosi nauli mpaka katikati ya mji ilikuwa dola 2, kwa safari ya karibu saa nzima. Treni inapita juu ya barabara kuu, inapita kati ya maghorofa ya Tysons, kisha inazama ardhini na kuvuka mto Potomac kwa chini. Kituo cha kwanza upande wa pili kinaitwa Foggy Bottom. Ndio mtaa wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, ambako hutoka maelekezo yote ya visa niliyoyakariri miezi mitatu. Nilipita chini ya miguu yao nimeketi.

Vituo vya treni ya mji huu vinastahili sifa yao wenyewe. Dari ni kuba la zege lenye visanduku, refu, na mwanga hafifu unapanda kutoka pembeni, mpaka watu wanapunguza sauti kama walioingia msikitini. Harry Weese ndiye aliyevichora, na treni ya kwanza ilitembea Machi 1976. Nikashuka kituo cha Smithsonian, nikapanda ngazi za umeme, nikatokezea kwenye mbingu.

Sitii chumvi. Sheria ya mwaka 1910 inazuia maghorofa marefu, kwa hiyo mji mkuu wa taifa lililobuni maghorofa marefu hauna hata moja la kuziba jua. Mbele yako kuna uwanja wa majani wanaouita National Mall, kilomita tatu na ushee kutoka Bunge mpaka sanamu ya Lincoln, na pembeni mwake makumbusho yamejipanga kama nyumba za ukoo mmoja. Hakuna kiingilio. Hili ndilo lililonifanya niupende mji huu na ndilo nililokuja kusema. Kwenye lango la nchi nililipa dola 185 na kuacha alama za vidole vyote kumi. Ndani, milango ya hazina zao imeachwa wazi, na mlinzi anachotaka ni kuona ndani ya mfuko wako tu.

Mwenye shukrani zetu ni Mwingereza ambaye hakuwahi kufika. James Smithson, mwanasayansi, alifariki Genoa mwaka 1829, na wosia wake ukawapa Wamarekani mali yake yote ili ijengwe taasisi Washington ya kuongeza na kueneza maarifa. Dhahabu ilisafirishwa kwa meli mwaka 1838, zaidi ya sarafu laki moja. Bunge likabishana miaka mingine minane kabla ya kuunda taasisi yenyewe. Desemba 1903 Alexander Graham Bell, yule wa simu, alikwenda Italia kuleta mifupa ya Smithson, na ikazikwa kwenye jumba la mawe mekundu pale pale kwenye majani. Aliingia Marekani akiwa maiti, bila mahojiano.

Mpwa wangu alinisubiri chini ya mnara wa Washington. Anaishi Silver Spring, Maryland, ng’ambo ya mpaka wa mji, na hutunza wazee usiku. Alikuwa hajalala.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mjomba. Umenenepa.”

“Ni koti.”

Halikuwa koti, lakini tuliliacha. Nilimuuliza kwa nini mnara umekuwa wa rangi mbili, sehemu ya chini weupe mmoja na juu weupe mwingine. Akacheka akasema ni nyumba ya Mswahili hiyo. Na kweli: walianza kuujenga mwaka 1848, fedha zikaisha mwaka 1854, kisiki kikakaa zaidi ya miaka 20 kikinyeshewa, na waliporudi kazini jiwe halikufanana na la mwanzo. Ukakamilika mwaka 1884, mita 169. Sisi wenye nondo zilizochomoza juu ya mabanda yetu Chumbageni tukisubiri awamu ya pili tusione haya tena.

Maua ya micheri yalikuwa yamekwisha. Mwaka ule yalichanua mapema, katikati ya Machi, na Aprili ilituachia majani tu na watalii waliochelewa kama mimi. Sikusikitika sana. Kilichonileta kilikuwa kule ng’ambo ya barabara: jengo la rangi ya shaba, lenye tabaka tatu zinazopanuka kuelekea juu kama vikapu vilivyopandanishwa. Ni Makumbusho ya Taifa ya Historia na Utamaduni wa Wamarekani Weusi. Umbo lake limetokana na taji la nguzo ya Kiyoruba iliyochongwa na Olowe wa Ise. Miongoni mwa wasanifu wake ni David Adjaye, mtoto wa mwanadiplomasia wa Ghana, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1966. Aliyelifungua Septemba 24, 2016 ni Rais Obama, ambaye baba yake alitoka Nyanza ya Kenya. Mpwa wangu alikuwa amepita hapo kwa basi miaka tisa bila kujua hata moja kati ya hayo. Bila kuingia pia. Mwenyeji huyo.

Jumba hili nalo ni bure, ila unatakiwa kuweka nafasi kwa saa maalumu. Nilizikata mbili kwenye simu nikiwa bado Tanga, za saa tano asubuhi. Lifti inakushusha chini ya ardhi, miaka ikiandikwa ukutani kwa kurudi nyuma, mpaka karne ya 15. Chini kule, kwenye chumba chenye giza, palikuwa na vitu kutoka meli ya Kireno iliyoitwa São José. Iliondoka Kisiwa cha Msumbiji Desemba 1794 ikiwa na mateka zaidi ya 400, ikiwapeleka Brazil. Desemba 27 ikavunjika kwenye miamba karibu na Cape Town. Nusu hivi walikufa maji. Walionusurika waliuzwa pale pale.

Kitu chenyewe tulichokiona kilikuwa kipande cha chuma kilicholiwa na kutu. Mpwa wangu alisoma maelezo, akaniuliza neno. Nikamwambia sisi pwani tunaita farumi, uzito unaowekwa chini ya chombo kisipinduke. Meli ya pembe au ya karafuu inaweza kutulia kwa mzigo wake. Watu ni wepesi, na wanatikisika. Kwa hiyo kila walipopakia watu walilazimika kupakia na chuma.

Hatukusema kitu kwa muda. Kisiwa cha Msumbiji kiko kwenye nchi ya Wamakua, na Wamakua wako Masasi, wako Mtwara, na yuko mmoja aliyeoa shangazi yangu. Mwaka 2015 wapiga mbizi waliupeleka udongo wa Msumbiji mpaka mahali meli ilipozama, wakauacha huko chini ya bahari. Nilikuwa nimesoma habari hiyo siku nyingi. Kuisimulia mbele ya chuma chenyewe kulinishinda katikati, na kijana akamalizia kwa kubuni, akapatia.

Tulikaa humo saa mbili. Ghorofa za juu zina muziki na michezo na furaha nyingi, na anayekwenda na watoto asikose, ila mimi nilizipita haraka.

Chai tuliinywa kwenye majani, maana ndani ya makumbusho hawaruhusu. Chupa kubwa ya chai ya maziwa yenye tangawizi, maandazi ya iliki yaliyofungwa kwenye kitambaa. Watoto walikuwa wanarusha tiara. Upande wa kaskazini ilionekana Ikulu yao, ndogo kuliko inavyoonekana kwenye televisheni. Nikamwambia Mwalimu Nyerere alipokelewa mle na Kennedy Julai 1963. “Mjomba,” alisema, “wewe umefika leo asubuhi na unanitembeza mji wangu.” Akanisimulia mambo yake: kodi ya nyumba, mzee mmoja wa miaka 91 anayemuita daktari ingawa si daktari, Wahabeshi waliojaa Silver Spring hadi naye amejifunza kuagiza chakula kwa Kiamhari. Anataka kuoa. Hajapata nafasi ya kuja nyumbani tangu aondoke. Karatasi zake hazijakaa sawa kiasi hicho. Na mimi, mwenye visa ya matembezi, nilikuwa huru kuliko yeye kutoka na kuingia. Nilimpa korosho.

Tulipita kwa haraka Makumbusho ya Sanaa ya Afrika, ambayo karibu yote iko chini ya bustani, mahali ilipo tangu 1987. Mwaka 2018 walionyesha humo sanaa za Waswahili na Bahari ya Hindi. Hiyo mpwa wangu aliiona, na akanionyesha ukuta aliosimama mbele yake akaikumbuka nyumba ya bibi. Kisha tukafuata barabara ya Independence kuelekea mashariki, kwa sababu ya marehemu baba. Baba aliijua Washington kwa sikio. Jioni aliweka redio dirishani, akaupindisha waya wa antena, na Idhaa ya Kiswahili ya Sauti ya Amerika ikaingia ikikwaruza. Jengo lililokuwa likitoa sauti ile ni kubwa, la kijivu, halina la kutazama. Nililitazama. Machi 2025 matangazo hayo yalikatwa ghafla na wafanyakazi wakarudishwa majumbani, nami nilishukuru kwamba baba hakuwepo kuuona ukimya ule, angedhani betri zimekwisha.

Saa nane na nusu tuliagana kituo cha Federal Center. Wengine wangechelewa zaidi. Mimi nimekulia penye vivuko, sichezi na saa ya kuondoka. Nashauri hivi kwa mwenye saa kumi: mbili za kwanza mpe afisa na sanduku, mbili za mwisho ziache kwa foleni, mbili ni za treni kwenda na kurudi. Zinazobaki ndizo zako. Mwenye saa tano au sita asiende mjini kabisa. Karibu na uwanja, Chantilly, kuna tawi la makumbusho ya anga, la bure pia, lenye chombo cha Discovery kilichowahi kwenda anga za juu na Concorde iliyostaafu.

Mpwa wangu alikuwa amenilazimisha nichukue chupa ya chai. Nilifika Dulles saa tisa na nusu nikiwa nimeikumbatia, na mbele ya mashine za ukaguzi kijana wa sare akaniambia maji ya aina yoyote hayapiti; chupa ipite tupu. Ilikuwa na vikombe vitatu au zaidi. Nikarudi nyuma, nikaketi kwenye benchi chini ya lile paa, nikamimina kwenye kifuniko. Benchi la pili alikuwa ameketi mwanamke mwenye fulana ya wasafishaji, amevua kiatu kimoja anajikanda mguu.

“Karibu chai,” nilimwambia, kwa Kiswahili, bila kufikiri.

Alinusa mvuke, akasogea.